Bakteria, hamira, nematodi au mbu? Kuchagua kiumbe cha kusoma mageuzi na jenomu ukiwa Nairobi

Kila mwaka, kozi za darasani zikiisha na kabla pendekezo la utafiti halijapita, wanafunzi wa uzamili wa kampasi za Chiromo, Juja na Kahawa hukwama mahali pamoja. Umeshaamua kusoma mageuzi ya viumbe kupitia jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, msimamizi hana neno, lakini kiumbe chenyewe hakijapatikana. Ukiuliza, kila mtu ana lake. Huyu anakwambia shika bakteria, jenomu yake ni ndogo na bei haiumi. Yule anakwambia Kenya ni nchi ya mbu, pesa ziko kwenye malaria. Mwingine anasifu hamira kwa sababu ya kusifu tu. Wote wana hoja, ila wote wameruka swali linalotangulia: unataka kuyaona mageuzi yakitendeka, au unataka kusoma yaliyokwisha kutendeka?

Kazi hizi mbili hazifanani. Ya kwanza inataka kiumbe anayezaa haraka na anayeweza kugandishwa, ili babu na mjukuu wakutanishwe mezani. Ya pili inataka sampuli kutoka mahali halisi, shambani, ziwani au nyumbani kwa watu, na subira ya kuchambua alama ambazo hukuziona zikiandikwa.

Nitalinganisha makundi manne ambayo mtu wa Nairobi anaweza kuyafikia: bakteria, hamira, minyoo wadogo wa udongoni waitwao nematodi, na wadudu, hasa mbu na mbung'o pamoja na vijidudu wanaoishi ndani yao. Vigezo ni vitano: swali linaloweza kujibiwa, urefu wa kizazi, kiasi cha DNA cha kusoma, usafi wa sampuli, na mazingira ya hapa kwetu, yaani stima, baridi na vibali. Kigezo cha nne nitakikalia zaidi kuliko vingine, kwa sababu hicho ndicho watu hukigundua wakiwa wamechelewa.

Swali gani linajibika

Bakteria ndio mabingwa wa kutazama mageuzi yakiendelea. Jaribio linalotajwa kila mahali ni la Richard Lenski, lililoanza Februari 1988 huko California, Marekani, kwa chupa 12 za E. coli, bakteria wa utumboni, zilizotokana na bakteria mmoja. Kazi ya kila siku ni nyepesi ajabu: unachota mililita 0.1 ya jana, unaitia kwenye mililita 9.9 za maji mapya yenye chumvi na glukosi kidogo, unarudisha kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Bakteria waliopunguzwa mara 100 huongezeka mara 100 kabla ya kesho, na hesabu ya kuzidisha mara mbili mbili inakupa vizazi 6.64 kwa siku. Kila baada ya vizazi 500 sehemu ya kila chupa hugandishwa. Karibu na kizazi cha 31,500, chupa moja kati ya 12 ilianza kula sitrati, chumvi ya asidi ya limau, penye oksijeni, jambo ambalo E. coli wa kawaida hawawezi; habari hiyo ilichapishwa 2008. Kwa kuwa mababu walikuwa kwenye frizi, watafiti waliweza kuwafufua na kuuliza: je, uwezo huu ungetokea tena, na tangu kizazi kipi? Hakuna mdudu atakayekupa nafasi ya namna hiyo.

Ila bakteria wana sura ya pili, nayo ina kazi tele jijini. Wao hupeana jeni kando kwa kando, bila kungoja kuzaa. E. coli wa maabara aitwaye K-12, aliyesomwa 1997, ana herufi milioni 4.6 za DNA na jeni kama 4,300. Ndugu yake O157:H7, anayeharisha damu, alisomwa 2001 akakutwa na jeni zaidi ya 1,300 ambazo K-12 hana kabisa. Spishi ni moja, vitu mfukoni ni tofauti. Ukitaka kufuatilia jeni za usugu wa dawa zikihama kati ya mtu, kuku na ng'ombe, hapa ndipo mahali pake, na huanzi sifuri: utafiti uliochapishwa 2022 ulisoma jenomu zaidi ya 1,300 za E. coli kutoka kaya 99 za Nairobi zinazofuga mifugo. Na anayependa maisha ya mahali pagumu ana maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Natronobacterium gregoryi, ambaye kwa kweli ni arkea, kundi tofauti na bakteria, ingawa jina linadanganya, alitolewa Ziwa Magadi, safari ya saa chache kutoka mjini.

Hamira inajibu maswali yaleyale ya chupani, na inaongeza moja ambalo bakteria hawana: ndoa. Ni kiumbe chenye kiini cha seli kama sisi, kina kromosomu 16, na unaweza kuiacha izae bila kujamiiana au kuipandisha upendavyo, kisha ukalinganisha nani anazoea mazingira haraka. Ilikuwa ya kwanza ya kundi lake kusomwa jenomu yote, mwaka 1996, ikiwa na herufi milioni 12 na jeni kama 6,000. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba mababu zake waliwahi kurudufisha jenomu nzima, na mabaki ya jeni pacha yamo hadi leo. Kwa mtu wa hapa, sehemu tamu ni vinywaji vya kienyeji vya kuchachusha: muratina, busaa na mursik. Vyote vina hamira, na mkusanyo mkubwa wa jenomu 1,011 za hamira uliotolewa 2018 unakupa ulimwengu mzima wa kulinganishia.

Nematodi wanafaa kwa swali la katikati. Caenorhabditis elegans alikuwa mnyama wa kwanza kusomwa jenomu, 1998, kwa herufi milioni 100 hivi na jeni kama 20,000. Wengi wao ni dume-jike wanaojizalisha wenyewe, na madume ni wachache mno, kwa hiyo ukoo mmoja safi unaupata bila jasho. Lakini wale wanaoumiza wakulima wetu ni wengine: Meloidogyne, wanaotia vinundu kwenye mizizi ya nyanya, sukuma wiki na mishiri (maharagwe ya Kifaransa). Jenomu ya Meloidogyne incognita ilitoka 2008, na ndani yake mna jeni za kuyeyusha kuta za seli za mimea ambazo asili yake ni bakteria. Tena mnyoo huyu hazai kwa kujamiiana. Vipi ukoo usio na ndoa unaendelea kushinda aina za nyanya zinazozalishwa makusudi kumzuia? Swali hilo lina maana kwa mwanasayansi na kwa mkulima wa Mwea kwa pamoja, nami sielewi kwa nini vyuo vyetu vinatoa watu wachache hivi wanaolishughulikia kwa jenomu.

Wadudu ndio wenye historia ndefu zaidi ya kusoma. Anopheles gambiae alisomwa 2002. Mwaka 2017 ukatoka uchambuzi wa mbu 765 waliokamatwa katika nchi 8 za Afrika, Kenya ikiwamo, ukiwa na mahali zaidi ya milioni 52 panapotofautiana herufi. Ndani ya data hiyo unaona alama za vyandarua na dawa za kupuliza: jeni za usugu zimefagia mbu wa eneo baada ya eneo, nazo zimevuka hata mipaka ya spishi. Ukiuliza mageuzi yaliyofanyika ndani ya maisha ya bibi yako yanafananaje kwenye DNA, jibu liko humo.

Lakini kwa maoni yangu utajiri wa wadudu uko kwa wapangaji wao. Mbung'o hula damu tupu, chakula kisicho na vitamini B za kutosha, na anayemtengenezea ni bakteria Wigglesworthia aliye kwenye kiungo maalumu karibu na utumbo. Jenomu ya bakteria huyu, iliyosomwa 2002, imebaki na herufi kama 700,000 tu. Amepoteza karibu kila kitu isipokuwa kile mwenyeji anachokihitaji na cha kumweka hai. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, walieleza Microsporidia MB, kijidudu wa mbu wa Anopheles arabiensis hapa Kenya anayezuia vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu. Halafu kuna yule Nairobi fly. Mvua ikikolea, mtu anaamka na mchirizi wa malengelenge shingoni baada ya kumponda usingizini. Sumu inayounguza ngozi inaitwa pederini, na tangu 2002 imejulikana kutoka kwa mdudu wa jenasi hiyohiyo ya Paederus kwamba jeni za kuitengeneza ni za bakteria, jamaa wa Pseudomonas, anayeishi ndani yake. Kemikali za ukoo huohuo zimekutwa kwenye sifongo za baharini, nazo pia zinatoka kwa bakteria. Jeni hizo zilisafirije kati ya sifongo na mdudu wa shambani? Mada hiyo ina jina la jiji letu na bado ina nafasi.

Urefu wa kizazi

Chukua miezi 6 ya kazi ya maabara, ambayo ndiyo wengi hubaki nayo baada ya makaratasi. E. coli kwa mtindo wa Lenski atakupa vizazi karibu 1,200. Hamira ukiipunguza mara 100 kila siku utapata idadi hiyohiyo, maana hesabu inafuata kiasi cha kupunguza. C. elegans, ambaye huchukua kama siku 3 na nusu kwenye nyuzi 20, atakupa vizazi 50. Meloidogyne huhitaji karibu mwezi kwenye udongo wenye joto, basi hesabu 5 au 6. Mbu wa maabara 8 hivi, mambo yakienda vizuri. Mbung'o usimhesabu: jike huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku 9 au 10, na pupa hukaa ardhini mwezi mzima.

Frizi nayo ina la kusema. Bakteria, hamira na C. elegans hugandishwa kwenye nyuzi -80 wakafufuka wazima. Mbu na mbung'o hawafufuki kwa njia za kawaida za maabara, kwa hiyo ukoo ukikatika umekatika.

Kiasi cha DNA cha kusoma

Bei hubadilika kila mara, kwa hiyo nitakupa hesabu isiyobadilika. Ukitaka kila herufi isomwe wastani wa mara 30, E. coli mmoja anahitaji herufi milioni 138, hamira milioni 360, C. elegans bilioni 3, Anopheles gambiae mwenye herufi milioni 278 anahitaji zaidi ya bilioni 8, na mbung'o, Glossina morsitans aliyesomwa 2014 akiwa na milioni 366, anafika bilioni 11. Kwa mbu mmoja ungesoma E. coli 60. Na utafiti wa mageuzi kwenye umma wa viumbe unataka sampuli kwa makumi, si mbili tatu.

Kinachosahaulika ni DNA yenyewe ya kuingiza mashineni. Bakteria na hamira unawaotesha mpaka utosheke. Mbu mmoja anatosha kwa usomaji wa vipande vifupi, kama wa mashine za Illumina. Nematodi ndio shida: C. elegans mzima ana seli 959 za mwili ukiondoa za uzazi, na DNA yake haitoshi maandalizi ya kawaida, kwa hiyo ama unakusanya maelfu ya ndugu wa ukoo mmoja, ama unaikuza DNA kwa kemikali na kukubali kwamba sehemu nyingine zitakuzwa kupita kiasi. Kwa minyoo wanaojizalisha, kukusanya ndugu hakuna madhara makubwa. Kwa wale wanaojamiiana, unachanganya minyoo wengi tofauti na kuwaita mmoja.

Usafi wa sampuli

Mwezi Novemba 2015 kundi moja la Marekani lilitangaza jenomu ya tardigredi, mnyama mdogo mno anayeishi penye unyevu na anayestahimili kukauka na baridi kali. Walisema karibu sehemu moja kati ya sita ya jeni zake, asilimia 17.5, ilitoka kwa viumbe wengine, hasa bakteria. Habari ikasambaa duniani kote. Haikupita hata wiki mbili, kundi la Edinburgh lililokuwa likisoma spishi ileile likaweka matokeo yake hadharani: jeni nyingi za kigeni zilikuwa DNA ya bakteria waliokuwa kwenye sampuli, na zile zilizohamia kweli ni chache sana.

Kisa hiki nawasomea wote wanaotaka kufanya kazi ya wanyama wadogo. Mnyama wa nusu milimita huwezi kumchuna ngozi ukabaki na nyama safi. Anasagwa na utumbo wake, chakula chake na vyote vilivyomganda. C. elegans maabarani analishwa E. coli, na usipomwosha na kumwacha na njaa kidogo, data yako itajaa E. coli. Meloidogyne anatoka kwenye kinundu cha mzizi akiwa na DNA ya nyanya na ya udongo. Mbu aliyeshiba ana damu ya mtu, na hapo unaingia hata kwenye maadili, kwa kuwa umesoma DNA ya binadamu bila ruhusa yake. Bakteria aliyetoka koloni moja (kundi lililotokana na seli moja) na hamira iliyotoka koloni moja hawana balaa hili, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake bila mtaalamu wa kompyuta karibu, ahueni hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Dawa ya kwanza ni kuangalia data kabla ya kuiamini. Kila kipande kilichounganishwa kina mambo mawili yanayopimika upesi: uwiano wa herufi G na C, na idadi ya mara kilivyosomwa. Vichore kwenye grafu, kimoja mhimili huu na kingine ule. Vipande vya mnyama hujikusanya pamoja, vya bakteria wake vinakaa mahali pengine, na vya chakula kwingine. Unayaona makundi kwa macho, kisha unauliza kila kundi linafanana na nani kwenye hifadhi za kimataifa. Programu kama BlobTools zimetengenezwa kwa kazi hii na hazilipiwi.

Ila usafishe kwa akili, kwa maana kosa la upande wa pili lipo. Mwaka 2007 ilionekana kwamba inzi Drosophila ananassae wa ukoo mmoja kutoka Hawaii amebeba karibu jenomu nzima ya bakteria Wolbachia ndani ya kromosomu zake mwenyewe. Waliokuwa wakifuta kila kinachofanana na bakteria walikuwa wanafuta mageuzi yenyewe. Ushahidi unaosimama ni usomaji mmoja mrefu unaoanza kwenye jeni ya inzi na kuishia kwenye jeni ya bakteria bila kukatika, na hapa mashine za vipande virefu kama Nanopore zinastahili gharama yake. Ukiwa na vipande vifupi tu, usidai jeni imehama.

Stima, baridi na vibali

Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 19. C. elegans hupenda kati ya 15 na 25. Yaani kwenye meza ya kawaida, bila inkubeta, mnyoo huyu anaishi raha mustarehe sehemu kubwa ya mwaka, na stima ikipotea usiku mmoja hana habari. Mbu wa Anopheles ni kinyume chake: wanataka nyuzi 27 na hewa yenye unyevu mwingi, na baridi ya Julai hapa itakufanya ulipe joto mchana na usiku. Wanahitaji damu, neti mbili mbili za mlango, na mtu wa kuwahudumia Jumapili na Krismasi. Mbung'o wanadai hayo yote na uvumilivu juu yake. Kazi hizi hazifanywi kwenye chumba cha idara. Zinafanywa kwa kushirikiana na icipe kule Kasarani, taasisi aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, au na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kwa upande wa mifugo na vijidudu vyao kuna ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Kabete. Ukipata msimamizi wa pili kwenye mojawapo ya nyumba hizi, hoja ya wadudu inabadilika kabisa, kwani koloni na mikono yenye uzoefu vipo tayari.

E. coli na hamira wanataka inkubeta, chombo cha mvuke cha kuulia vijidudu, na frizi. Frizi ndiyo roho ya kazi, kwa hiyo kabla hujaanza chupa 12 za vizazi 1,000, uliza jenereta inawaka baada ya dakika ngapi na nani ana ufunguo wikendi. Gawa hifadhi mara mbili, katika majengo mawili.

Vibali sasa. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni ya wote. Ukikusanya viumbe porini kwa ajili ya jeni zao, NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kibali cha kufikia rasilimali za kijenetiki kilichowekwa na kanuni za 2006, na ndani ya hifadhi za wanyama KWS, shirika la wanyamapori, wahusike. Mtu anayeona bakteria wa ziwani ni vitu vidogo visivyo na mwenyewe akumbuke mgogoro wa vimeng'enya vya Ziwa Bogoria, vilivyofika kwenye viwanda vya nje na kutumika kuchujusha jinzi, huku Kenya ikidai haikupata chake. Itifaki ya Nagoya, mapatano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, inayotumika tangu Oktoba 2014, inahusu hasa mambo kama haya. Ukitaka kutuma DNA nje isomwe, mkataba wa kuhamisha sampuli uandikwe mapema. Sampuli za watu, pamoja na mbu walioshiba damu yao, zinapita kamati ya maadili. Nematodi waharibifu wa mimea wanasimamiwa na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Yule wa viazi, Globodera rostochiensis, aliripotiwa nchini 2015, na hakuna atakayefurahi ukimhamisha kutoka Nyandarua hadi banda la chuo. Kwa hamira, mpikaji wa muratina ambaye kibuyu chake umekichota ana haki ya kujua unakwenda kufanya nini nayo, hata pasipo na fomu inayokulazimisha.

Aliye na makaratasi machache kuliko wote ni mtu wa E. coli wa maabara. Wa pili ni C. elegans wa maabara.

Nani achukue nini

Kama una mwaka mmoja, bajeti ndogo na hamu ya kuona uteuzi asilia kwa macho yako, chupa za E. coli au hamira zitakupa jibu kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Kati ya hizo mbili, chukua hamira ikiwa swali lako linagusa ndoa, kromosomu au seli zenye kiini, chukua E. coli ikiwa linagusa usugu wa dawa au jeni zinazohama. Uwe tayari kwa kazi ya kila siku bila kukosa. Asiyeweza kufika maabara Jumapili asianze.

Kama umejiandikisha shahada ya uzamivu ya miaka 3 au 4 na unataka matokeo yanayofika kwa mkulima, nematodi wa mizizi wanakusubiri. Utapambana na usafi wa DNA, na jenomu yenye nakala nyingi zinazofanana itakutesa kuiunganisha, lakini washindani ni wachache na sampuli ziko Mwea, Kirinyaga na hata kwenye viroba vya sukuma wiki vya Kibera. C. elegans mwenyewe anamfaa anayefundisha pia: darubini ya kawaida inatosha kumwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mnyama aliye hai ambaye kila seli yake imeorodheshwa.

Mbu wanamfaa aliye ndani ya mradi tayari. Akiwa nje ya mradi, afanye kazi ya data pekee, na hilo si jambo la kudharau. Data ya mbu wa Afrika iko wazi na huchambuliwa kwenye seva za mbali kwa kivinjari tu, bila kupakua mabilioni ya herufi kwa bando la simu. Mwenye kompyuta ya kawaida asiyetaka kutegemea intaneti achukue bakteria: jenomu 264 za chupa za Lenski, zilizotolewa 2016 na kufuatilia vizazi 50,000, zinabebeka na zinachambulika nyumbani.

Mbung'o na Nairobi fly ni kwa mtu anayevutiwa na wapangaji kuliko mwenye nyumba. Hapa kuna njia ya mkato inayofaa: soma jenomu ya bakteria peke yake kutoka kwa wadudu waliokamatwa, bila kufuga hata mmoja. Jenomu ni ndogo, swali la jeni zilizopotea au kuhama linabaki zima, na wadudu 20 waliohifadhiwa vizuri kwenye alkoholi wanaweza kutosha kwa tasnifu ya uzamili. Ukichagua hivyo, weka sampuli tupu, mrija usio na mdudu uliopitishwa hatua zote sawa na mingine, na uisome pia. Kitakachoonekana kwenye mrija huo hakikutoka kwa mdudu wako.

Na ikiwa msimamizi tayari ana kiumbe chake cha miaka 15, frizi imejaa na wanafunzi watatu wameshahitimu nacho, badilisha swali lako kabla hujabadilisha kiumbe.